Jino Lililovuka Mpaka

Nilikuwa nimetumwa chumvi.

Hiyo tu. Chumvi ya kusukutua mdomo. Mke wangu Mbinya alikuwa ameng'olewa jino ng'ambo, Tanzania, na daktari alimwambia asukutue kwa maji ya chumvi asubuhi na jioni mpaka kidonda kifunge. Jioni hiyo chumvi ikaisha. Basi nikashika njia ya sokoni Kalamba, mimi Ndolo, fundi wa baiskeli, mwenye tumbo ambalo njaa ya mwaka ule wa 1984 ilijaribu kulimaliza ikachoka yenyewe. Nikanunua chumvi, nikawachekesha wawili watatu waliokuwa kwenye foleni ya mahindi ya msaada, yale ya manjano, nikarudi nikipiga mluzi.

Njia ya kwetu inakata mto. Nikisema mto usifikirie maji. Mito yetu ni mchanga. Maji yamejificha chini kama mwizi, ukiyataka unayachimba. Nilikuwa katikati ya mchanga huo, jua limeshazama, mwanga umebaki wa kuonea njia tu, ndipo niliponusa karafuu.

Nikasimama.

Kalamba nani ana karafuu? Mwaka ule hata chakula cha kutia karafuu hakikuwepo.

Mzee mmoja alikuwa amesimama ukingoni. Mrefu, mkavu, miguu mitupu. Amevaa koti refu la rangi ya vumbi, aina ile ambayo babu zetu walirudi nayo kutoka vita vya Wajerumani. Mdomo ameufunga kwa kitambaa, kama mtu anayeumwa na meno. Nikamwamkia. Akaitikia kwa Kikamba, lakini Kikamba cha zamani, chenye maneno niliyoyasikia mara ya mwisho kwa nyanya yangu.

"Nimechelewa," alisema. "Nionyeshe nyumba ya mama aliyenipokea."

"Mama yupi, mzee?"

"Ndila."

Ndila ni mama yangu mzazi. Nikamwambia basi amefika, mimi ndiye mwanawe wa pekee, tunaishi boma moja. Alinitazama… polepole… kutoka nyayo mpaka utosi. Alinitazama vile mtu anavyotazama shati dukani, akijiuliza kama litamtosha mabegani.

Mimi nikacheka. Nikamwambia anifuate, chakula ni kidogo lakini nyumba ni yake.

"Ni yangu," akasema.

Akanifuata.

Nilimpigia hadithi njia nzima. Hakucheka hata mara moja, na mimi nimewahi kuchekesha watu mpaka matangani, mjane akiwa mmoja wao. Nilichosikia nyuma yangu ni mdomo wake tu. Kr… kr… kr… Kama mtu anayetafuna mahindi makavu. Nikafikiri, huyu mzee ana bahati, amepata cha kutafuna.

Kwenye lango la miiba nikageuka nimkaribishe.

Hapakuwa na mtu.

Lakini ile harufu ya karafuu haikuwa nyuma tena. Ilikuwa imenipita. Ilikuwa imeshaingia nyumbani.

Ngoja nieleze habari ya hilo jino, kwa sababu bila jino hakuna hadithi.

Lilianza kuuma wakati wa njaa yenyewe. Yaani tumekosa cha kutafuna, na jino nalo linachagua wakati huo huo kujitangaza. Shavu la Mbinya likavimba, akawa halali, akawa anatembea uani akishika ukuta. Karibu na kwetu matibabu yalikuwa koleo, pamoja na wanaume wawili wa kukushika mabega. Daktari wa Nairobi alitaja bei ambayo ilifanya jino liache kuuma kwa muda, kwa mshtuko. Ndipo mteja wangu mmoja, mtu wa kupitisha mbuzi Loitokitok, aliponiambia kwamba mpaka wa Tanzania uliokuwa umefungwa miaka yote hiyo ulikuwa umefunguliwa, na kwamba upande ule, chini ya Kilimanjaro, kuna daktari wa meno anaitwa Hemedi. Ana sindano ya ganzi. Ana mikono laini. Tena pesa hataki. Anataka sabuni.

Sabuni! Maduka yao wakati huo yalikuwa matupu, na yetu yamejaa sabuni ambayo hatukuwa na maji ya kuitumia. Basi tukasafiri ng'ambo kwa matibabu kama mawaziri, na miche ya sabuni ndani ya kiondo.

Kabla hatujatoka mama alituita. Macho yake yalikuwa yameshaingia ukungu. Watu aliwajua kwa sauti na kwa kishindo cha miguu. Akamshika Mbinya shavu, lile zima, akamwambia jambo ambalo kila mtu wa kwetu anaambiwa tangu utotoni. Jino lirudi. Nywele zako, kucha zako, jino lako, haviachwi kwa watu usiowajua. Anayebaki na jino lako amebaki na kamba yako. Siku akipenda, anavuta.

Tulipanda lori kutoka Emali mpaka Loitokitok, tukavuka kwa miguu. Nyumba ya Hemedi ilikuwa katikati ya migomba. Baridi. Kijani kila mahali, mpaka macho yanauma kwa kutokuzoea. Na mbele ya mlango wake ulipita mfereji kutoka mlimani, maji safi yanakimbia bure, hakuna anayeyafukuza wala kuyapangia foleni. Mbinya, ambaye mwaka mzima alikuwa akichimba mchanga kutafuta ndoo moja, alisimama kando ya mfereji huo akasahau jino. Hemedi alimwita. Hakusikia. Ikabidi nimshike mkono.

Hemedi alikuwa mtu wa Pangani, mwembamba, miwani yake imefungwa kwa uzi. Chumba chake kilinuka mafuta ya karafuu. Alimchoma ganzi, akasubiri huku akinisikiliza nikimsimulia vituko vya njiani, akang'oa. Mbinya hakulia. Halafu, nusu ya mdomo wake ikiwa imelala, akanyoosha kiganja.

"Nipe jino, daktari. Sisi ni Wakamba. Hatuachi jino ugenini."

Hemedi akaweka koleo chini. Akamtazama yeye, akanitazama mimi.

"Kumbe ni nyinyi," alisema taratibu.

Akaingia chumba cha ndani. Akakaa huko. Alipotoka alikuwa na fundo dogo la kitambaa cheusi, akalitoa kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi mtoto. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Nashukuru sana, ndugu zangu. Nilidhani mpaka hautafunguka nikiwa hai."

Mimi nikafikiri analilia sabuni. Nikamwambia asijali, safari nyingine tutamletea na mafuta ya kupikia.

Nyumbani mama alilipokea fundo bila kulifungua, maana halifunguliwi. Alinifanya nichimbe kishimo kando ya mlango wake, akaliweka, akatoa pombe kidogo ya asali aliyokuwa ameificha, Mungu anajua wapi, akadondosha matone. Akasema maneno ya kwetu.

"Umefika nyumbani. Usitangetange tena. Kula nasi, lala nasi, hapa ni pako."

Akayasema kwa jino la Mbinya. Hivyo ndivyo tulivyodhani sisi sote.

Sasa turudi kwenye chumvi.

Niliingia na ile harufu imejaa uani. Mama alikuwa ameketi mlangoni, ametulia, anatabasamu. Nikamuuliza kama amepata mgeni. Akasema hapana, hakuna mgeni aliyekuja. Nikamchanganyia Mbinya maji ya chumvi kwenye kikombe. Akasukutua, akainama, akatema.

Akaendelea kutema.

Kikombe kimoja kiliingia mdomoni mwake. Mimi mwenyewe nilikimimina. Lakini alitema… akatema… akatema tena, maji safi, yasiyo na damu, yasiyo na chumvi, mpaka yakafanya njia kwenye vumbi yakapita kati ya miguu yangu. Niligusa maji yale.

Yalikuwa baridi kama ya mlimani.

"Ndolo," alinong'ona, "unasikia?"

"Nini?"

"Maji. Yanapita."

Nikamwambia ni ganzi. Ganzi ilikuwa imeisha siku nyingi, na mimi nilijua.

Kuanzia hapo Mbinya alishikwa na baridi. Kalamba, mwaka wa ukame, mchana ambapo kuku wanatembea wakiinua miguu kwa zamu, mke wangu alivaa sweta na kujifunika blanketi juu yake, anatetemeka. Hakuwa na homa. Nilimwekea mkono kifuani, ngozi yake ilikuwa baridi kama chupa iliyolala kwenye mtungi. Alikula vizuri, aliongea vizuri, lakini katikati ya maneno alikuwa akinyamaza na kuinamisha kichwa, anasikiliza. Asubuhi mahali alipolaza shavu palikuwa pamelowa. Majirani wakaanza kuja na visingizio. Nikawaambia kila nyumba ina mgonjwa wake, wetu angalau anatoa maji. Walicheka. Hawakurudi.

Usidhani nilikuwa nacheka moyoni. Huyu mwanamke nilimwoa akiwa na kanga moja na mdomo mkali kuliko wangu, na hatukuwa tumejaliwa mtoto. Nikimkosa yeye nabaki na nani? Baiskeli?

Halafu ikaja zamu ya mama.

Nilirudi jioni moja kutoka kwenye banda langu la baiskeli, njaa inanikata. Nikamsalimia, nikaomba chakula changu. Akashangaa.

"Si umekula sasa hivi?"

Nikacheka. Nikamwambia mama, hata mimi ningependa kuwa nimekula. Lakini sufuria ilikuwa tupu, na sahani yangu ilikuwa chini kando ya kigoda, imelambwa. Mbinya alikuwa ndani na blanketi lake, hakuona kitu. Nikasema ni paka. Hatukuwa na paka, na mbwa wangu alikuwa nami bandani.

Siku nyingine nilimkuta akicheka peke yake, kicheko kile cha mtu aliyesimuliwa jambo. Aliposikia lango likilia akanyamaza na kuuliza, kwa sauti ya heshima, ni nani huyo.

"Ni mimi, mama. Ndolo."

"Ah." Akageuza uso upande wa kigoda kitupu, kama mtu anayehakikisha. "Basi sawa."

Hapo ndipo nilipoenda kumwita Nzomo. Nzomo alikuwa mganga wetu, yule anayeitwa na watu wakati hospitali imeshindwa na kanisa limelala. Mtu mfupi, mchangamfu, anapenda nyama. Alikuja mchana, jua limesimama wima, akasikiliza yote, akauliza swali moja tu. Jino mlilizika wapi?

Akaniambia nichimbe.

Nilichimba kwa jembe la mkono. Kishimo chenyewe kilikuwa kifupi, kina cha kiganja; nilikumbuka vizuri kwa sababu ni mimi niliyekichimba. Ile harufu ya karafuu ikatoka ardhini, kali, ikanichoma macho. Kitambaa cheusi nikakipata. Kilikuwa kimefunguka, kitupu. Nikapapasa chini yake kwa vidole.

Nikagusa jino.

Halafu lingine, kando yake.

Halafu lingine.

Nikafagia udongo kwa mkono. Yalikuwa safu nzima, yamepangana vizuri, yanatazama juu. Na ya mbele yalikuwa yamechongwa ncha, kama walivyochongwa wazee wetu wa zamani, wale waliozaliwa kabla ya shule. Mbinya hajachongwa. Hata mama hajachongwa.

Sisi tulizika jino moja.

Nzomo aliinama. Uchangamfu ukamtoka wote. Alichukua udongo akaurudisha kwa mikono yake mwenyewe, akaushindilia polepole, kwa adabu, kisha akasimama akajipangusa.

Nikamwambia amfukuze. Nikamwambia nitampa mbuzi, nitampa baiskeli.

"Mimi nafukuza wageni, Ndolo," alisema chini chini. "Huyu si mgeni. Amezikwa kwenu, amemwagiwa pombe, ameambiwa hapa ni pake. Huyu ni mwenyeji."

"Na mke wangu?"

"La mke wako liko wapi?"

Nikatazama udongo alioushindilia. Akasema njia ni moja, tena si ya uhakika: turudi ng'ambo, tulitafute jino la Mbinya, tulilete, tulizike hapa naye. Alikataa kula. Huyo ni Nzomo, na kuku alikuwa ameshachinjwa. Baada ya kuondoka nilisimama peke yangu mlangoni nikijaribu kujifariji kwamba labda pale palikuwa na kaburi la watu wa zamani, na sisi tulichimba juu yake bila kujua. Inawezekana. Mpaka leo naambiwa na watu waliosoma kwamba inawezekana.

Tukasafiri tena. Mbinya alitetemeka mpaka Loitokitok. Lakini tulipovuka, tulipoanza kuingia kwenye kivuli cha migomba, na baridi ya kweli ikaanza kuniuma mimi, yeye akatoa blanketi. Mashavu yake yakarudi rangi. Akaanza kutembea mbele yangu, haraka, kama mtu anayejua njia.

Hemedi alitupokea kwa furaha, akauliza kama mzee amefika salama.

"Mzee gani?" nikamuuliza.

Furaha ikamtoka. Akavua miwani, akaishika mkononi.

Alituambia. Palikuwa na mzee wa Kikamba huku, anaitwa Ndululu. Alikuja akiwa kijana, akiwabebea Waingereza mizigo vitani. Vita vikaisha, yeye akabaki akilima kahawa ya watu. Hakuoa. Hakupata mtoto. Uzeeni Hemedi alimng'oa jino, naye akamwomba amtunzie. Alimwambia siku moja watakuja watu wa kwao.

"Akaniambia nitawajua kwa maneno," Hemedi alisema. "Watasema, sisi ni Wakamba, hatuachi jino ugenini. Ndiyo nyinyi mkasema. Yale yale. Marehemu alikufa wakati mpaka umefungwa, hapakuwa na wa kumvusha. Mimi nikajua mmetumwa na ukoo."

"Kila Mkamba angesema hivyo, daktari."

"Hakuna Mkamba mwingine aliyewahi kuja."

Nikamuuliza la mke wangu liko wapi. Nadhani nilimshika shati. Alitazama nje, kwenye mfereji. Yote huyatupa pale, alisema mwishowe. Maji huyachukua. Huyapeleka kwenye migomba, kwenye mashamba, mabondeni, nani anajua.

Nikageuka kumtazama Mbinya.

Alikuwa hayupo chumbani.

Nilimkuta amepiga magoti kando ya maji. Alikuwa anakunywa kwa viganja viwili, maji yanamtiririka kidevuni, macho amefumba. Nilipomgusa bega lilikuwa na joto. Joto la kawaida, la mtu mzima wa afya, ambalo nilikuwa nimelisahau. Nusura nilie kwa furaha.

"Twende nyumbani, Mbinya."

Akafungua macho. Alinijua, hilo ndilo linaloniuma. Alinijua vizuri, akanipangusa vumbi la lori usoni kwa mkono wenye maji.

"Nenda wewe, Ndolo. Usije ukachelewa. Mimi nimefika."

Akasimama, akaanza kupanda, akifuata mfereji kuelekea unakotoka. Nikamfuata. Mimi ni mzito, nakubali, lakini yeye hakuwa akikimbia, alikuwa anatembea tu, na bado kila nilipofika kwenye mgomba aliopita, alikuwa ameshapita wa mbele yake. Nilisikia akicheka. Halafu nilisikia kicheko na maji pamoja. Halafu maji peke yake.

Sweta lake lilikuwa ukingoni, limekunjwa vizuri. Nikalishika. Lilikuwa bado na joto.

Tulimtafuta. Hemedi aliita watu wa pale, wakaja na mapanga na mbwa, wakatafuta mpaka juu msituni ambako mfereji unaanzia. Watu wema. Walinipa chakula, wakanipa pa kulala, wakatafuta tena na tena mpaka wakaanza kunitazama kwa huruma badala ya kutafuta. Wengine walisema alianguka akachukuliwa na maji. Mfereji ule unafika magotini. Sikubishana.

Nikarudi peke yangu. Kwenye lori sikusema neno, na anayenijua atakuambia hilo nalo ni tukio.

Nilifika Kalamba jua likielekea kuzama. Nikapita bandani kwanza. Lilikuwa wazi. Baiskeli niliyoiacha imepinda rimu ilikuwa imenyooshwa, imetundikwa, kazi safi. Jirani yangu wa duka la nafaka alikuwa anafunga. Nimekunywa naye chai miaka. Nikamsalimia, akaitikia vizuri, vile mtu anavyomwitikia mpita njia.

"Unatafuta fundi?" akaniuliza. "Ametoka sasa hivi. Kesho atakuwepo."

Nikatazama uso wake nikingojea acheke. Hakuwa anatania. Alifunga kufuli, akaenda.

Nilivuka mchanga nikiwa karibu kukimbia. Lango la miiba nikalifungua kama ninavyolifungua siku zote, nikakohoa kama ninavyokohoa siku zote. Kikohozi hicho mama hukijua kutoka mtoni.

"Nani huyo?" akauliza.

Alikuwa ameketi mlangoni kwake, sahani magotini. Kwenye kigoda alikaa mwanaume akila. Alikuwa amevaa ovaroli yangu. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko, na mgongo wake, mabega yake, namna alivyoachia tumbo likae juu ya mapaja… Mbwa wangu alikuwa amelala kwenye miguu yake. Aliinua kichwa akanguruma, kwa sababu ya harufu yangu.

"Ni mimi, mama."

"Karibu, mgeni," alisema. Kwa upole. "Usiogope mbwa. Umetoka mbali?"

"Tanzania."

"Woi. Pole na safari. Unaitwa nani?"

"Ndolo."

Mama akacheka, akamgusa yule mwanaume goti. "Umesikia? Ni wajina wako." Akanigeukia. "Huyu mwanangu pia ni Ndolo. Wewe ni wa ukoo gani, baba?"

Nikamwambia ni Atangwa. Akapiga makofi, akasema basi ni jamaa, mtu wa Atangwa halali njaa katika boma hili. Akaingia ndani kupapasa chakula.

Tukabaki wawili. Nilitaka kumrukia. Nilitaka kupiga kelele zilete kijiji. Lakini kijiji kingekuja na kumwuliza mama, na mama angesema ukweli wake. Yule mwanaume aliendelea kutafuna, kr… kr… kr… kisha akanitazama, na hakukuwa na ubaya usoni mwake. Hiyo ndiyo ilinimaliza. Alinitazama kwa haya kidogo, kama mtu aliyekaa ugenini miaka mingi, amefika kwao, na anaomba asiulizwe zaidi. Alipofumbua midomo niliyaona meno ya mbele. Ncha, ncha, ncha. Na harufu ya karafuu.

Alisukuma kigoda kingine kwa mguu.

"Kaa," alisema. Kwa sauti yangu.

Nikakaa.

Mama alileta ugali wa manjano na kunde. Nikala. Ulikuwa mzuri, kama alivyoupika siku zote. Hakuna aliyeuliza habari za Mbinya. Nilipojaribu kulitaja jina lake mama alisema ni jina zuri, angependa mwanawe apate mke mwenye jina kama hilo. Nilipomaliza nikanawa mikono. Nikashukuru. Mgeni hushukuru.

Giza lilikuwa linaingia. Yule mwanaume alinipa mkono wa kwaheri, mkono wa joto, wenye sugu mahali ambapo mimi nina sugu. Mama, kama ilivyo desturi, alinisindikiza mpaka langoni, akipapasa njia kwa fimbo. Nilimsogelea nimkumbatie. Akanipigapiga begani vile mtu mzima anavyompigapiga kijana wa watu.

"Nenda kabla giza halijakukuta, baba," alisema. "Na ukifika kwenu, nisalimie mama yako."